Kutoka Njuga Hadi Setilaiti

Kabla ng'ombe hajavishwa chombo chochote cha umeme, mchungaji wa nyika za Afrika ya Mashariki alikwisha kumfunga njuga shingoni, na kwa mlio wake akatambua, hata gizani, kama mnyama anakula kwa utulivu au anakwenda mbio kwa hofu.

Katika miaka ya 1950, huko Ruakura, New Zealand, mtaalamu John Hancock aliwachunguza ng'ombe mapacha waliofanana kabisa, saa za kula na za kucheua zikiandikwa kwa macho na kalamu; kazi adhimu, lakini yenye mashaka mengi.

Ndipo ikatumiwa saa yenye uzito unaoning'inia ndani yake: kila ng'ombe alipoinama kung'oa majani, mtikisiko wa shingo uliacha mikwaruzo juu ya duara ya karatasi, na kwa hila hiyo T. H. Stobbs wa Queensland, Australia, akachapisha hesabu zake mwaka 1970.

Baadaye ukaja mkanda wa shingoni wa GPS, uonyeshao kwa setilaiti mahali alipo mnyama. Lakini hadi Mei 2000, serikali ya Marekani ilipoacha kuipotosha kwa makusudi ishara ya setilaiti, kosa la kipimo hicho liliweza kufikia mita 100, umbali utoshao kumhamisha ng'ombe kutoka bondeni hadi kilimani.

Leo vihisio na kompyuta hupambanua kula, kutembea na kucheua. Hata hivyo tarakimu hizo hazina maana mpaka zisomwe na mtu alijuaye lisho, na wa kwanza wa kuulizwa ni mchungaji.