Upimaji wa Mbinu za Kugawa Kumbukumbu ya Kompyuta, 1965–1998

Katika miaka ya 1960 kumbukumbu ya kompyuta, yaani sehemu ambamo mashine huweka data inayoishughulikia kwa wakati huo, ilikuwa haba na ghali, hivyo namna ya kuigawia programu ilikuwa suala la gharama sawasawa na la hisabati. Programu huomba vipande vya ukubwa mbalimbali na kuvirejesha bila mpangilio, na mwishowe nafasi tupu hutapakaa kati ya zilizoshikwa, hata jumla yake ikatosha ombi fulani ilhali hakuna hata moja inayolitosha. Hali hiyo ndiyo mmegeko.

Mwaka 1965 Kenneth Knowlton wa Bell Labs alichapisha mfumo wa pacha, unaokata kumbukumbu nusu kwa nusu hadi kipatikane kipande kinachokaribia ombi, kisha huunganisha tena vipande pacha pindi vyote viwili vinapokuwa tupu. Mfumo huo ni wepesi, lakini anayeomba vizio 65 hupewa 128.

Donald Knuth, katika juzuu la kwanza la *The Art of Computer Programming* (1968), alilinganisha mbinu ya kuchukua nafasi ya kwanza inayotosha na ile ya kutafuta inayobana zaidi. Ya pili ndiyo ingetarajiwa kushinda, ila Knuth aliipendelea ya kwanza, kwa kuwa ile nyingine huacha masalia madogo yasiyofaa kitu. Mwaka 1975 John Shore alionyesha kwamba ushindi hutegemea mtawanyiko wa ukubwa wa maombi.

Kasoro ilikuwa kwenye mizani yenyewe. Majaribio mengi yalitumia namba nasibu, kana kwamba kila ombi halina uhusiano na lililotangulia, ilhali programu halisi huunda vitu vingi kwa pamoja, vya saizi chache tu, na mara nyingi huviachilia kwa pamoja. Paul Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliikosoa desturi hiyo mwaka 1995, ukosoaji ambao kwa hakika ulichelewa mno. Na mwaka 1998 Mark Johnstone na Wilson, wakitumia rekodi za utendaji wa programu halisi, waligundua kuwa mbinu bora hazipotezi nafasi nyingi, na kwamba ile ya nafasi inayobana zaidi ni miongoni mwa bora hizo. Mfumo wa pacha ulifanya vibaya, ingawa kiini cha mfumo endeshi wa Linux kingali kinautumia kugawa kurasa za kumbukumbu, ambako maombi yenyewe hupangwa kwa vipeo vya mbili.