Lupu ya Jevons na makaa ya Lamu

Juzi stima ilipotea hapa Mahoo jioni nzima, nikabaki na betri ya laptopu na kijiprogramu cha mistari mitano. Kazi yake ni moja: kinachukua namba, kinaiongeza asilimia 3.5, kinarudia mara mia. Nilikipa 83.6, kikanirudishia 2,607.

Hesabu hii si yangu. Ni ya William Stanley Jevons, Mwingereza aliyechapisha The Coal Question mwaka 1865. Mwaka 1861 nchi yake ilichimba tani milioni 83.6 za makaa ya mawe, na aliona uchimbaji ukikua kwa asilimia 3.5 kila mwaka. Kufikia 1961 ingehitaji tani milioni 2,607. Jevons alijua migodi haiwezi kutoa kiasi hicho. Alisema makaa yatafuatwa chini zaidi, bei itapanda na ukuaji utakwama. (Ndiye pia aliyeonyesha, mwaka 1870, mashine yenye vibonye kama piano iliyotatua maswali ya mantiki. Babu yetu kabisa!) Lakini uchimbaji wa Uingereza ulifika kilele mwaka 1913, tani milioni 287, ukaanza kushuka. Mafuta yaliingia melini na kwenye magari, naye hakuyatilia maanani.

Usimcheke bado, maana na sisi tuna lupu yetu. Mpango wa umeme wa Kenya wa mwaka 2011 ulikisia kwamba kufikia 2030 mahitaji ya juu kabisa yatakuwa megawati 15,026. Wakati huo yalikuwa kama 1,200. Nimepiga hesabu: ni ukuaji wa karibu asilimia 14 kila mwaka! Ndani ya modeli hiyo kulikuwa na ndoto ya Ruwaza ya 2030, uchumi kukua kwa asilimia 10. Mwaka 2013 serikali ikatangaza megawati 5,000 mpya kwa miezi 40, na 1,920 kati yake zilikuwa za makaa. Hapo ndipo mtambo wa Lamu, megawati 1,050, ulipopata nafasi.

Makaa yenyewe yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini, yaani tungefuata bei ya dunia. Katika soko la Newcastle, Australia, tani moja ilikuwa kama dola 50 katikati ya 2020. Mwaka 2022 ikavuka dola 400. Modeli gani ya 2013 ingeona korona na vita vya Ukraine?

Mwaka 2019 mahitaji yetu ya juu yalikuwa bado chini ya megawati 2,000. Juni mwaka huo Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni ya Lamu, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mkataba ungetudai takriban dola milioni 360 kwa mwaka kwa miaka 25, hata mtambo ukilala.

Stima ilirudi saa tatu usiku. Nikanunua tokeni ya shilingi 200, nikasoma ujumbe wote kwa mara ya kwanza. Gharama ya mafuta ya mitambo ina mstari wake, na inakatwa kabla hujawasha taa.