Ngazi za mwonekano katika zana za kufundishia

Ngazi za mwonekano ni mpangilio wa maandishi, picha na nafasi tupu unaoliongoza jicho la mwanafunzi lianzie kwenye jambo kuu kabla ya kufikia maelezo madogo. Hujengwa kwa ukubwa wa herufi, wino mzito, rangi, mahali pa kitu kwenye ukurasa, na uwazi unaoachwa pembeni. Huo wa mwisho ndio husahauliwa zaidi.

Nyamirambo, mtaa wa Kigali wenye msikiti wa tangu 1913 na wazungumzaji wengi wa Kiswahili, hulifanya suala hili liwe gumu na tamu. Rwanda ina lugha rasmi nne, Kiswahili kikiwa kimeongezwa kwa sheria mwaka 2017. Chati inayoziandika zote nne kwa ukubwa mmoja haina mlango: mtoto hajui aingilie wapi. Lugha inayofundishwa ndiyo inayostahili herufi kubwa, nyingine zikae chini yake.

Somo la ngeli ni mfano mzuri. Mzungumzaji wa Kinyarwanda tayari anayo *ikintu* na *ibintu*. Ukikoza *ki-* na *vi-* katika *kitu* na *vitu*, viambishi tu, undugu wa lugha hizi unaonekana bila mhadhara. Ukikoza neno zima, umepoteza wino.

Madrasani mambo hugeuka: Kiarabu husomwa kutoka kulia, hivyo jicho huanzia kona ya juu kulia. Rangi nayo isibebeshwe kazi peke yake, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, na nakala za mashine isiyo na wino wa rangi huzifanya zote kijivu.