Jinsi ya kuhamishia gemu zako za PlayStation 1 kwenye PSP

PlayStation ya kwanza ilianza kuuzwa Japani Desemba 1994, kwa hiyo diski zake nyingi sasa zimezeeka. Mikwaruzo ikizidi, gemu inakwama katikati au haiwaki kabisa. Kama bado unazo, zinakili mapema na uzicheze kwenye PSP, ile mashine ya mkononi ambayo Sony iliitoa 2004.

Kabla ya kuanza

Tangu mwishoni mwa 2006, PSP ina uwezo wa kuendesha gemu za PS1, lakini Sony iliruhusu zile za kununua kwenye duka lake tu. Ili isome nakala uliyotengeneza mwenyewe, inahitaji mfumo uliorekebishwa na watu wasio wa Sony. Ukiuweka, hakikisha betri imejaa. Chaji ikiisha katikati, mashine inaweza kugoma kuwaka tena.

1. Nakili diski

Tumia kompyuta inayosoma CD na programu kama ImgBurn. Utapata mafaili mawili: BIN, lenye gemu yenyewe, na CUE, faili dogo linaloonyesha kila sehemu ya diski inaanzia wapi. Usilifute CUE. Baadhi ya gemu huhifadhi muziki kama nyimbo za kawaida za CD, na bila faili hilo unaweza kucheza bila muziki.

2. Badilisha

Programu ya PSX2PSP inageuza nakala hiyo kuwa faili linaloitwa EBOOT.PBP. Gemu yenye diski kadhaa, kama Final Fantasy VII yenye 3, iunganishe iwe faili moja. Mwisho ni diski 5.

3. Hamisha

Kwenye Memory Stick, fungua folda ya PSP, kisha GAME. Kila gemu itengenezee folda yake, na usibadilishe jina la EBOOT.PBP. CD moja inaweza kufika MB 700, kwa hiyo angalia nafasi kwanza.

Usipoteze ulikofika

Hapa ndipo wengi wanalia. Ukisevu, kumbukumbu haikai kwenye folda ya gemu. Inakaa kwenye SAVEDATA. Ukibadilisha Memory Stick na kuhamisha gemu peke yake, unaanza upya. Nakili folda zote mbili.

Vitufe vya L2 na R2

PSP haina. Ukiwa ndani ya gemu, bonyeza Home, kisha panga vitufe upya kwenye mipangilio.

Vipi kuhusu sheria?

Maelezo haya ni kwa diski ulizonunua. Kupakua gemu usiyoimiliki ni kuvunja hakimiliki, na mafaili ya aina hiyo mara nyingine huja na virusi.

Ushauri wa mwisho: anza na diski iliyochakaa zaidi. Hiyo ndiyo isiyoweza kusubiri.