Mkate wa Sinia na Njia ya Misafara

Ramadhan ikiingia utasikia vijana wakisema ati mkate wa sinia ni mambo ya Pwani, sisi wa Kakamega tumeiga juzi tu. Hebu tuangalie historia kidogo.

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Kabla ya hapo Mumias, kwa Nabongo, ilikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu. Joseph Thomson alipofika huko mwaka wa 1883, Waswahili walikuwa wameshaizoea njia hiyo. Walipumzika, wakanunua chakula, wengine wakaoa na kukaa. Dini iliingia kwa mlango huo, na jiko likafuata.

Tena mkate huu hautaki oveni. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito, unatiwa hamira, sukari na iliki, halafu unaachwa uumuke. Sufuria hupakwa mafuta na kubandikwa jikoni. Chini pakishika, hufunikwa kwa bati na kupaliwa makaa juu. Usiyazidishe, utaunguza ngozi na ndani kubaki kubichi (nimeshaabika hivyo mbele ya wageni).

Huku kwetu mnazi hauoti, nazi ni ya kununua sokoni. Kule Pwani tui lilichujwa kwa kifumbu kilichosukwa kwa mkono; wengi wetu tunatumia kitambaa safi, na mkate unaumuka vilevile.

Nyanya yako akiwa hai, mwulize yeye alifundishwa na nani. Liandike jina hilo.