Bustani ya lupango na mvula ya siku hizi

Wazee wanasema: dalili ya mvula ni mawingu. Hapa kwetu Lubumbashi, ile methali imeanza kutudanganya. Mwezi wa kumi mawingu yanapanda, radi inapiga, mama anachukua jembe na mbegu zake mbio mbio. Mvula inanyesha siku mbili, halafu jua linarudi kwa muda wa juma mbili. Mahindi yaliyoota yanakauka, na watu wa nyumba wanajiuliza: ni sisi tulikosea, ao ni mwaka ndio umegeuka?

Ili kujibu, tukumbuke kwanza bustani hizi zimetoka wapi. Mji wetu ulianzishwa katika mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na tanuru ya shaba ilianza kazi mwaka 1911. Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka mbali: Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini, hata Ruanda-Urundi. Kampuni iliwapa chakula cha kupimwa, ndiyo posho. Siku ya kugawa posho ilikuwa na nguvu hata ikageuka hesabu ya wakati: mpaka leo wengi kwetu wanaita juma «posho». Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipotaka wafanyakazi wakae na familia zao, bamama walifika kwa wingi katika makambi. Unga ulitoka kwa kampuni, lakini bukari bila mboga haishuki. Hapo njo jembe lilipoingia mjini. Nyuma ya nyumba, kila mmoja alipanda kile alichokijua tangu kwao: lengalenga, matembele, sombe, maboga, maharagi. Lupango, ile kiwanja ya nyumba pamoja na uzio wake, ikawa kijiji kidogo ndani ya mji.

Wakati mishahara ilikuwa mizuri, bustani ilikuwa msaada tu. Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ulifuata mwaka 1991, na Gécamines ikashindwa kulipa watu wake. Mwaka 2003 karibu wafanyakazi 10 000 waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Katika malupango mengi, baba alirudi nyumbani bila mshahara, na ni bustani ya mama iliyolisha watoto. Kuanzia mwaka 2000, FAO nayo ilisaidia wakulima wa mboga katika miji mitano ya Kongo, ikiwemo Lubumbashi na Likasi. Kwa hiyo, tunapoongea bustani ya nyumbani hapa, hatuongei maua ya kupamba mlango. Tunaongea chungu.

Ile bustani ilikuwa na kalenda yake, na haikuandikwa popote. Mwezi wa tano mpaka wa tisa ni kiangazi: usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi, vumbi linaruka, na mboga zinalimwa karibu na mito na mabondeni, kwa kumwagilia. Mwezi wa tisa, miti ya pori la miombo inatoa majani mekundu mbele ya tone la kwanza la mvula. Mwezi wa kumi joto linazidi. Mvula za kwanza zinapopiga, kumbikumbi wanaruka jioni kuzunguka taa, na watoto wanawakusanya ndani ya beseni. Mama wa zamani aliunganisha alama hizi zote: alitazama miti, alingoja kumbikumbi, tena alichimba kwa kidole kujua kama maji yameshuka ndani ya bulongo. Hakupanda kwa ajili ya wingu moja. Mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu mvula ilikaa, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 1 200.

Leo zile alama hazitembei tena pamoja. Wataalamu wanaeleza kwamba dunia imepata joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, petroli na gazi, na kwamba kusini mwa Afrika mwanzo wa mvula unaelekea kuchelewa, tena matone yanakuja kwa nguvu. Mvula ya mwezi mzima inaweza kuwa ileile kwa vipimo, lakini ikianguka kwa siku chache inachukua bulongo na mbegu, kisha inaacha ukavu. Miaka ya El Niño inaongeza shida. Mwaka 2024 tulijifunza kwa tumbo: Zambia ilitangaza ukame kuwa msiba wa taifa, na bei ya unga ikapanda hapa kwetu, kwa maana mahindi mengi tunayokula yanatoka kule.

Lakini tusitupe makosa yote juu ya mbingu. Miombo iliyozunguka mji tumeikata ili kupata makala ya kupikia. Mabonde yaliyotunza maji tumeyajengea nyumba. Malupango yanagawanywa, simenti inafunika mahali mvula ilikuwa inaingia. Na mahali pengine moshi na maji ya viwanda vimeacha shaba na kobalti ndani ya udongo, na mboga inaweza kuvinyonya. Bustani inapigwa juu na chini.

Hata hivyo bamama hawajakunja mikono. Wengine wanapanda mahindi kwa zamu: sehemu moja sasa, sehemu ingine nyuma ya juma mbili, ili jua likiua moja, ingine ibaki. Wengine wanatafuta mbegu inayokomaa mbio. Wanafunika bulongo na majani makavu, wanatunza maji yaliyooshea mboga, wanachanganya mbolea ya kuku. Udongo wa kichuguu, ambao wazee waliujua kuwa mnono, bado unabebwa na kumwagwa kwenye matuta.

Ndugu wasomaji, tunaogopa jambo moja kuliko ukame. Wale bamama waliojua kusoma miti na kumbikumbi wanazeeka, na watoto wetu wanajua kusoma simu tu. Tukiwaacha waende bila kuwauliza, hatutajua hata ni nini kimebadilika, kwa sababu hatutakuwa tena na kipimo cha zamani. Tunaomba kila nyumba iwe na daftari: siku ya mvula ya kwanza, siku kumbikumbi walipotoka, siku tulipopanda, siku tulipovuna. Mtoto aandike, bibi aseme. Yule bibi akikuambia «ngoja kidogo, hii si mvula bado», weka jembe chini, umuulize ameona nini.