Somo la Historia: John McLendon, Mwalimu wa Mpira wa Kikapu

Someni polepole. Mkikuta neno gumu, litazameni mwisho wa somo.

Leo tutaeleza habari za mtu aliyefundisha mpira wa kikapu katika miji mingi ya Marekani. Jina lake ni John McLendon. Alizaliwa mwaka 1915 katika jimbo la Kansas.

Mchezo wenyewe mnaujua. Watu watano wa kila upande hushindana kutia mpira kikapuni. Uliutungwa na Bwana James Naismith mwaka 1891, katika mji wa Springfield. Siku zile walitundika vikapu vya matunda, na ndiyo asili ya jina lake. Baadaye Naismith alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kansas. McLendon aliingia chuo hicho mwaka 1933, akawa mwanafunzi wake.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. McLendon alikuwa mtu mweusi, na timu ya chuo haikupokea watu weusi. Basi alijifunza mchezo kwa yule aliyeutunga, lakini hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo chake. Je, ungekuwa wewe, ungefanya nini? McLendon hakukata tamaa. Alimaliza masomo mwaka 1936, akashika kazi ya kufundisha wengine.

Mwaka 1944 alikuwa akifundisha timu ya chuo cha watu weusi katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina. Vijana wake walijulikana kwa mbio. Wakiupata mpira, waliuvusha upesi kabla wapinzani hawajajipanga. Wakiupoteza, waliwabana wapinzani uwanja mzima, wasipate nafasi ya kupumua.

Katika mji huohuo kulikuwa na Chuo Kikuu cha Duke, chuo cha weupe. Wanafunzi wake wa udaktari walikuwa na timu hodari sana. Lakini weusi na weupe hawakuruhusiwa kucheza pamoja. Kucheza hivyo kulikuwa ni hatari kwa wote.

Hata hivyo walipatana kwa siri. Jumapili asubuhi, tarehe 12 Machi 1944, watu wengi wakiwa kanisani, vijana wa Duke waliingia katika chuo cha McLendon. Milango ikafungwa, wakacheza bila watazamaji ndani. Mwanzoni mikono ilitetemeka pande zote mbili. Kisha mbio zikaanza. Timu ya McLendon ilishinda kwa pointi 88 kwa 44. Baada ya hapo walifanya jambo kubwa zaidi: walichanganyika, weusi na weupe katika kila upande, wakacheza tena. Habari hii haikuandikwa gazetini siku zile. Ilienea kwa watu wengi mwaka 1996 tu, baada ya miaka 52.

Sasa tufuate safari zake. Katika chuo cha Tennessee A&I alitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mara tatu mfululizo: 1957, 1958 na 1959. Kisha alikwenda Cleveland kufundisha timu ya Pipers. Timu hiyo ilipoingia katika ligi mpya ya kulipwa mwaka 1961, McLendon akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwalimu mkuu katika ligi hiyo. Lakini Januari 1962 alijiuzulu, baada ya ugomvi na mwenye timu juu ya mishahara ya wachezaji.

Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Cleveland State kilimpa kazi. Kabla yake hakuna chuo cha weupe wengi kilichokuwa na mwalimu mkuu mweusi wa mchezo huu. Mwaka 1969 alikwenda Denver kufundisha timu ya Rockets. Huko alishinda michezo 9, akashindwa 19, akaondolewa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini alihamahama hivyo? Mara alifuata mlango uliofunguliwa. Mara aliondoka kwa sababu hakukubali dhuluma. Na mara moja alifukuzwa, kama wafukuzwavyo walimu wengi wa timu. Lakini kila alikokwenda aliacha njia kwa wale waliomfuata.

Jumba la Heshima la mchezo huu, mjini Springfield, lilimwingiza mwaka 1979 kwa msaada wake kwa mchezo. Alifariki mwaka 1999. Mwaka 2016 aliingizwa tena, safari hii kwa kazi yake hasa, yaani ualimu.

MANENO
Kujiuzulu: kuacha kazi kwa hiari yako.
Mfululizo: moja baada ya jingine bila kukatika.
Dhuluma: kumnyima mtu haki yake.

MASWALI
1. Kwa nini McLendon hakuichezea timu ya chuo chake?
2. Kwa nini mchezo wa mwaka 1944 ulichezwa kwa siri?
3. Miaka mingapi ilipita tangu mwaka 1979 hata mwaka 2016?